Siku Ishirini na Moja za Mkono wa Kushoto

"Jirani, huo ukuta umekukosea nini?"

Swali hilo lilipita dirishani asubuhi moja, likamkuta Bi Pindo amesimama uso kwa uso na ukuta wa chumba chake cha kushonea, vidole vya mkono wa kushoto vikipanda taratibu kama mjusi mzee, jasho likimtiririka, meno ameyabana. Aliyeuliza ni Msusi, jirani wa mlango wa pili, ambaye husuka watu nywele nje ya mlango wake, na kwa sababu hiyo hakuna kinachopita mtaa ule yeye asikione.

"Nenda zako," akasema Bi Pindo kwa sauti ya chini. "Na usipayuke. Wifi yuko jikoni."

"Kwani ukuta ni wa wifi yako?"

Sauti ya Msusi haijapata kupunguzwa na mtu tangu azaliwe. Kabla Bi Pindo hajaushusha mkono, wifi alikuwa ameshafika mlangoni, mwiko mkononi, macho yamemtoka.

"Nimekuacha kitandani," akasema wifi. "Nimekufunika mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Sasa nakukuta unapanda ukuta."

Msusi akaona mambo yamekuwa mambo, akajirudia kwenye nywele za watu, lakini kiti chake akakisogeza karibu kidogo na dirisha.

Bi Pindo alikuwa mshonaji, na jina hilo alipewa kwa sababu hawezi kumwona mtu ana pindo lililokwenda upande akanyamaza. Siku moja alimsimamisha bibi harusi mlangoni mwa nyumba ya ibada, akapiga magoti na sindano yake mbele ya watu wote, akamrekebisha gauni ndipo akamruhusu kwenda kuolewa. Miezi minane kabla ya asubuhi hii ya ukuta alikutwa na uvimbe kwenye titi la kushoto. Saratani. Akatundikiwa dripu za dawa mpaka nywele zikaisha kichwani, na Msusi akalia kuliko mwenyewe. Kisha akapasuliwa, titi likaondolewa pamoja na tezi za kwapani. Yote hayo aliyavuka, Mungu akimshika mkono. Lililobaki lilikuwa mionzi.

Na mionzi ilikuwa na sharti ambalo nyumba nzima haikulitarajia. Mgonjwa hulazwa chali, mkono wa upande ule ukainuliwa na kulazwa nyuma, juu ya kichwa, ukae hapo kimya, ili mashine ipate njia ya kukifikia kifua. Mkono wa Bi Pindo ulikuwa unafika usawa wa bega, ukifika hapo unagoma kama droo iliyovimba kwa unyevu. Daktari hakumumunya maneno. "Nafasi yako ni Jumatatu, siku ishirini na moja kuanzia leo. Mkono ukilala, tunaanza. Usipolala, nafasi hiyo anapewa mwingine, nawe unasubiri mpaka ipatikane nyingine. Na mimi, mama, sipendi usubiri."

Kilichoukakamaza mkono ule kilikuwa mapenzi. Wifi, dada mkubwa wa mumewe, alifika siku ya upasuaji na begi moja na amri mia. Mume ni dereva wa malori ya safari ndefu, wiki mbili nje, siku mbili nyumbani, kwa hiyo dada alikabidhiwa nyumba na mgonjwa wake. Akaufunga mkono wa Bi Pindo kwa mtandio shingoni, na kwa wiki tano hakumruhusu hata kujimiminia chai. Cherehani aliifunika shuka. Ufunguo wa sanduku la nyuzi akautia kifuani mwake, mahali ambapo hapafikiki.

Hospitalini kulikuwa na dada mmoja mtaalamu wa viungo. Wagonjwa walimwita Mwalimu kwa kuwa kila jambo alilisema mara tatu. Huyo alipouona mtandio aliufungua fundo bila kuomba ruhusa. "Mkono huu haujafa, mama. Umelala tu, maana mmeubembeleza wiki tano." Akamfundisha: usimame mbele ya ukuta, vidole vitambae kwenda juu mpaka vinapokwama, hapo upige alama ya chaki, kesho uipite. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Ukivuta, endelea. Ukichoma kama sindano, pumzika, kisha urudie. Na kila siku utembee nusu saa, kwa sababu uchovu wa zile dripu hauondoki kwa kulala, unaondoka kwa kutembea. Alisema mara tatu. Lakini wifi siku hiyo alikuwa kwenye foleni ya dawa, hakusikia hata mara moja.

Ndiyo maana Bi Pindo alikuwa akiupanda ukuta kwa siri kwa siku mbili, mpaka Msusi alipomuumbua.

"Hii hapa karatasi aliyoandika Mwalimu wa hospitali," akasema, akamnyooshea wifi. "Soma."

Wifi aliisoma karatasi nzima, hata muhuri. "Karatasi haijui uchungu. Wewe una kidonda."

"Kidonda kimefunga, wifi. Umekiosha wewe mwenyewe, umekiona."

"Na ukianguka nimwambie nini kaka yangu? Kwamba mkeo nilimwacha akawa anacheza na ukuta?"

"Mkono huu usipolala Jumatatu ile, mashine hawanipi. Hilo utamwambia nini?"

Wifi akakuna kidevu kwa mwiko. Ndivyo afanyavyo akiwa anafikiri kweli. "Basi," akasema hatimaye, "nitasimama nyuma yako. Ukizimia nikudake."

Ikawa hivyo. Bi Pindo akachukua chaki yake ya kuchorea nguo na futi yake ya kupimia, akapima kama anavyopima pindo, kutoka sakafuni kwenda juu. Mkono wa kulia, ambao ni mzima, ulifika sentimita mia moja tisini na mbili. Akachora mstari hapo na kuuita mbinguni. Wa kushoto ulikwama kwenye mia na thelathini na nne. Akachora mstari na hakuuita kitu.

Siku ya nne, mia na arobaini na moja. Siku ya sita, mia na hamsini na tatu. Bi Pindo hakuamini, akapima mara mbili, futi ikasema vilevile. Alikula chakula cha mchana akiwa amesimama, anautazama ukuta. Msusi alikuwa haji tena dirishani, anaingia moja kwa moja na kitana kimechomekwa nyweleni mwake. Habari zikawafikia wateja, wakawa wakitoka kusukwa wanapitia kuona chaki imefika wapi.

"Leo?"

"Mia na sitini na mbili."

"Huo si mkono, huo ni mzabibu."

Kutembea nako kulianza, na huko ndiko mtaa ulikopata cha kucheka. Bi Pindo mbele, kitambaa kichwani, mkono unaning'inia kwa mara ya kwanza kama mkono wa mtu mwenye safari zake. Wifi nyuma, hatua tatu, amebeba stuli ya plastiki, ili mgonjwa akichoka aketishwe papo hapo. Siku ya kwanza stuli ilitumika mara tano. Siku ya tatu mara mbili. Siku ya saba haikugusa ardhi, na fundi viatu wa kwenye kona akauliza kwa adabu kabisa kama stuli hiyo inauzwa, maana anaiona inapitishwa tu kila asubuhi. Wifi alimwambia inauzwa pamoja na mwenye kuibeba. Fundi viatu akasema hapo bei itampita. Bi Pindo alicheka mpaka akashika ubavu, na kicheko hicho wifi alikisikia kama mtu anayesikia maji bombani baada ya wiki nzima ya ukame.

Siku ya kumi na mbili chaki ilifika mia na themanini na saba. Kutoka hapo mpaka mbinguni zilikuwa sentimita tano. Usiku huo Bi Pindo alilala na tabasamu, na asubuhi yake, kwa kuwa ilikuwa zamu yake ya kuonana na Mwalimu, alivaa gauni la kijani aliloliacha kabatini tangu augue, akaondoka anatembea mbele ya wifi kwa kasi, kiasi kwamba wifi ilibidi akimbie.

"Mia na themanini na saba," akamwambia Mwalimu kabla ya kukaa.

Mwalimu akatabasamu. "Hongera sana. Haya, lala hapa chali. Tuone."

Bi Pindo akalala. Akauinua mkono. Ulipanda vizuri, ukapita bega, ukaelekea kichwani, halafu ukasimama. Ukabaki hewani, kiwiko kinatazama dari. Akausukuma. Mgongo ukainuka kutoka kitandani, mkono haukwenda popote.

"Mgongo ushuke, mama," akasema Mwalimu. "Mgongo ushuke. Ushuke mgongo." Akampima pengo kutoka kitandani mpaka kwenye kiwiko. Sentimita ishirini na nne. "Mashine inataka pengo lisizidi nane. Pale kuna kitu cha kuegemezea mkono, lakini hakifiki juu huku."

"Lakini ukutani—"

"Simama nikuone ukutani."

Bi Pindo akasimama ukutani. Vidole vikapanda. Mwalimu alitazama kwa nyuma, kisha akainama, akamgusa visigino. Vilikuwa hewani, vyote viwili. Ubavu wa kushoto umenyooka, wa kulia umejikunja, kiuno kimekwenda upande. Mkono ulikuwa umepanda kiasi, ni kweli; lakini sentimita zilizobaki zilipandishwa na miguu na kiuno.

Hapo Bi Pindo akaona kosa lake lote, na lilimuuma kuliko kovu, kwa sababu lilikuwa kosa la mtu wa kazi yake. Miaka ishirini na miwili anawaambia wateja: simama wima, visigino chini, usijivute, la sivyo gauni litakuja na sura ya uongo wako. Yeye alipima kutoka sakafuni kama anapima pindo, na aliyekuwa ndani ya gauni hakumwangalia.

"Zimebaki siku nane," akasema taratibu.

Walipofika nyumbani, wifi aliweka stuli chini, akaikalia yeye.

"Nilikuona," akasema.

"Uliniona nini?"

"Visigino. Tangu siku ya tano. Mimi si nasimama nyuma? Nikaona vinanyanyuka, nikasema nimwambie. Halafu ukageuka, ukaniambia mia na hamsini, na uso wako…" Akafuta uso wake mwenyewe kwa kiganja. "Miezi minane sikuuona uso huo. Nikasema acha. Acha afurahi."

Bi Pindo alimtazama. Hasira ilimpanda, kweli ilimpanda. Huyu mtu alimfunga mkono kwa mapenzi, akamnyamazia kwa mapenzi. Akiachiwa atamzika kwa mapenzi. Lakini alipomwona amekaa juu ya kile kistuli, mtu mzima mwenye amri mia, hana hata moja ya kutoa, hasira ikakosa pa kukaa.

"Wifi," akasema, "wewe ni mzito kiasi gani?"

"Unaniuliza nini?"

"Nataka mtu wa kukalia mkeka pembeni yangu anishike mbavu zisiinuke. Na mtu huyo nikidanganya aniambie, hata nikiwa nacheka. Hasa nikiwa nacheka."

Wifi alisimama, akaingiza mkono kifuani, akautoa ufunguo wa sanduku la nyuzi, akauweka juu ya meza. Kisha akaenda kutafuta ufagio wenye mpini ulionyooka.

Ukuta ukaachwa. Kazi ikahamia sakafuni. Bi Pindo alilala chali juu ya mkeka, mpini ameushika kwa mikono miwili, mkono mzima ukimwongoza mwenziwe, juu, nyuma, nyuma zaidi. Wifi amepiga magoti, kiganja kimoja kwenye mbavu, futi kwenye kile kingine, anapima pengo kutoka mkekani mpaka kwenye kiwiko. Sasa hesabu ilikuwa ya kushuka. Ishirini na nne. Ishirini na mbili.

Mwalimu aliagiza mkono ukifika mwisho wake ushikiliwe kwa pumzi tano. Wifi hakuziamini pumzi, akasema mgonjwa anaweza kuzipumua haraka. Yeye alipima kwa sala. Akianza, mkono ukae. Akisema amina, ushuke. Siku ya kwanza sala ilikuwa fupi, ya kuombea afya. Siku ya pili aliongeza msafiri wa malori. Siku ya tatu akaingiza ukoo.

"Wifi, umeshamwombea shangazi."

"Huyo ni shangazi wa kwanza."

"Mkono unakufa."

"Na binamu zake wote, uwajalie, uwaongoze, na yule aliyehama mwaka jana bila kuaga…"

Msusi, ambaye alikuwa amekaa mlangoni kwa ajili ya kuhesabu, alicheka mpaka akaanguka upande. "Mwenzangu, mimi niliambiwa samaki mkunje angali mbichi. Huyu wako alishakauka, na bado mnamkunja kwa dua."

Kumi na nane. Kumi na sita. Kumi na tatu.

Kumi na tatu ikakaa. Siku nzima, kumi na tatu. Asubuhi ya Alhamisi, kumi na tatu tena, na siku zilizobaki zilikuwa nne tu. Kisha wifi akaona kitu. Chini ya ngozi, kutoka kwapani mpaka karibu na kiwiko, palikuwa pamesimama kamba nyembamba, imekaza kama uzi wa gitaa.

"Basi," akasema wifi, akaweka futi chini. "Umejichana kitu ndani. Tunaacha."

"Tunampigia Mwalimu kwanza," akasema Bi Pindo.

Mwalimu akawauliza maswali: mkono umevimba? Hapana. Una joto, una wekundu? Hapana. Basi, akasema, ni kitu kinachojulikana, huwatokea wengi baada ya upasuaji wa kwapa, hakuna kilichochanika. Msiivute kwa nguvu. Mnyooshe taratibu, mpapase ngozi polepole kuifuata kamba. Taratibu. Polepole.

Bi Pindo alikata simu, akaitazama ile kamba, na ghafla akaielewa kuliko alivyoelewa jambo lolote aliloambiwa hospitalini. Ulikuwa uzi wa marinda. Ukishona marinda unavuta uzi mmoja, kitambaa chote kinajikusanya. Na ukitaka kukifungua huchukui ncha mbili ukavuta, maana utakata uzi na kuharibu nguo. Unakishika kitambaa kwa vidole na kukitelezesha juu ya uzi, kidogo hapa, kidogo pale, mpaka kikunjuke chenyewe.

"Nipe mkono wako," akamwambia wifi. "Weka vidole hapa. Usisukume. Fanya kama unanyoosha mkunjo kwenye hariri."

"Mimi hariri nimeishika lini?"

"Basi fanya kama unamfuta mtoto machozi."

Hiyo wifi aliijua. Vidole vyake vikaanza kutembea, kutoka kwapani kwenda chini, vyepesi, vikirudi na kurudia. Siku ile haikupimwa futi. Ijumaa nayo vivyo hivyo, asubuhi, mchana na jioni. Jumamosi, mpini wa ufagio ukiwa umefika pale pale pa kumi na tatu na wifi akiwa katikati ya sala, wote wawili walisikia: tik. Kitu kidogo, kama uzi unaokatwa kwa jino. Bi Pindo akafumba macho akingoja maumivu. Hayakuja. Kilichokuja ni mkono kuteremka, wenyewe, kama umekumbuka njia.

Wifi hakumalizia sala. Alinyoosha futi, akasoma, akaisogeza karibu na macho, akasoma tena.

"Visigino," akasema Bi Pindo bila kufumbua macho. "Mbavu. Kiuno. Angalia vyote."

"Vimelala. Vyote vimelala."

"Sasa sema."

"Saba," akasema wifi. "Saba na nusu."

Msusi alikuwa nje na kichwa cha mteja mapajani. Alipolisikia neno hilo alimwacha mteja nusu ya kichwa imesukwa, akaingia ndani mbio, na mteja naye akaingia nyuma yake, nusu ya kichwa imefura kama kichaka, akiuliza saba ya nini.

Jumatatu wifi aliruhusiwa kufika kwenye benchi la nje tu. Chumba cha mashine kilikuwa na baridi, kitanda chembamba na kigumu, na juu yake kitu cha kuegemezea mkono kama kiganja kilicho wazi. Mhudumu wa mashine, bwana mmoja mwenye miwani, asiyependa maneno mengi, alimlaza, akamfunua kifua, akasema, "Mkono, mama."

Ukapanda. Ukapita bega. Ukafika juu ya kichwa, na hapo, kwa ile baridi na ule ugeni, ukasita. Bwana yule akaitazama saa ya ukutani. Bi Pindo aliona jinsi alivyoitazama.

"Usiulazimishe," akasema yule bwana. "Kama haufiki, haufiki. Utarudi siku nyingine."

Bi Pindo alitoa pumzi yote iliyokuwa kifuani, akauacha mgongo uzame kitandani, akaanza kuwataja watu wa ukoo moyoni mwake, mmoja mmoja. Alipofika kwa shangazi wa pili, kiwiko kikagusa.

Bwana akainama. Akakibonyeza kiwiko kwa kidole. Kimetulia. Akachukua kalamu ya wino, akamtia kifuani alama tatu, na kila alama alipima kwanza na kurudia kupima.

"Unaumia?"

"Unavuta tu."

"Utaweza kukaa hivyo dakika ishirini?"

"Bwana, mimi nimekaa kwenye foleni zenu saa sita. Dakika ishirini ni nini?"

Mdomo wa yule bwana ulitaka kucheka, akauzuia. "Mashine ikianza, humu ndani hubaki mgonjwa peke yake. Nikitoka, ujue tumeanza."

Akakitazama kiwiko mara ya mwisho. Akaitazama ile mashine. Bi Pindo alimfuata kwa macho tu, kichwa hakuthubutu kukigeuza, moyo unamdunda mpaka aliogopa utazitikisa alama. Bwana akaichomeka kalamu mfukoni, akatoka, akauvuta mlango mzito nyuma yake.